Goti la mama mkubwa na ngazi za Mkomani: mazoezi gani, kwa kiasi gani?

MwanaMkomani
Assalaam alaykum nyote. Nauliza kuhusu mamangu mkubwa, miaka 66, goti la kulia. Eksirei imeonyesha gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) limelika upande wa ndani na vijimfupa vimeota pembeni. Asubuhi goti huwa gumu kama robo saa kisha hulegea. Halina wekundu, naye hana homa. Presha anayo na anatumia dawa.

Nyumba ni ya mawe, mtaa wa Mkomani, Lamu. Chumba chake kiko ghorofa ya pili, na vidato vya ngazi vina kimo cha sentimita 24, bila pa kushikilia. Kushuka kunamuuma kuliko kupanda. Ameshadungwa sindano mbili za steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ndani ya goti, kila moja ikampa nafuu ya wiki chache, na sasa ameambiwa arudi kwa ya tatu. Karatasi ya mazoezi aliyopewa ina zoezi moja tu: alale chali ainue mguu ulionyooka mara kumi. Majirani nao wanamwambia mafuta ya goti yamekwisha, atulie asije akamaliza yaliyobaki.

Naomba wajuzi mnisaidie. Afanye mazoezi gani na kwa kiasi gani? Yakiuma aache? Ngazi azitumie au tumhamishie chini? Kutembea mchangani Shela kunafaa? Na hiyo sindano ya tatu?

Viungo_Malindi
Wa alaykum salaam, dada. Mpe pole mama.

Nianze na hilo la majirani, maana ndilo linalowaumiza wazee wengi zaidi. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale gegedu linapokandamizwa na kuachiliwa. Goti lisilobebeshwa kitu halihifadhi chochote. Tena goti lenye uvimbe hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo zinazouzuia msuli wa mbele wa paja usivute kwa nguvu zake zote. Mgonjwa akitulia, msuli hukonda, na ukikonda kila kidato kinakuwa kizito zaidi. Pimeni mapaja yote mawili kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 15 juu ya kifuniko cha goti. Mara nyingi mtakuta la upande mgonjwa limepungua.

Zoezi la karatasi si baya, ila ni la siku za mwanzo. Goti halikunjiki hata kidogo pale, wakati kushuka ngazi kunataka msuli uliobeba mwili mzima uachie polepole goti likiwa limekunjwa. Ndiyo sababu kushuka kunauma kuliko kupanda, na ndiyo sababu anahitaji mazoezi ya kubeba uzito goti likiwa limekunjwa.

La kwanza, kuketi na kusimama. Kiti kigumu kisichoteleza, mgongo wa kiti ukutani. Aanze na kimo cha sentimita 50 hadi 55. Kiti cha kawaida kikiwa kifupi, ongezeni blanketi lililokunjwa likabana, si godoro laini. Miguu upana wa nyonga, visigino vivutwe nyuma kidogo ya magoti, kifua kiende mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo ainuke bila kusukuma kwa mikono. Kuketi ahesabu moja, mbili, tatu. Mara 8 hadi 10, apumzike dakika moja au mbili, arudie mpaka mizunguko mitatu. Makosa yake ni matatu na yote hujificha. Hujibwaga sentimita chache za mwisho, na hizo ndizo zenye faida. Huegemea mguu mzima, yaani ule usiouma. Basi sogezeni mguu mzima mbele kwa nusu ya wayo, wa kulia utalazimika kufanya kazi. Na goti huangukia ndani. Lifuate kidole cha pili cha mguu. Mizunguko mitatu ya 10 ikiwa rahisi, msiongeze idadi. Punguzeni kimo cha kiti.

La pili ni kidato, na kwa nyumba zenu hili ndilo zoezi lenyewe. Tafuteni ubao mpana usioyumba, kimo cha sentimita 10, karibu na ukuta. Asimame juu yake kwa mguu wa kulia, kisha ashushe kisigino cha kushoto polepole kwa hesabu ya tatu mpaka kiguse sakafu tu, bila kukikanyagia, na arudi juu. Mara 8, mizunguko mitatu. Kutoka 10 nendeni 15, kisha 20, kisha 24, kwa sababu 24 ndiyo ngazi yake. Wengi hukwama kwa kuruka kutoka kidato kifupi hadi ngazi za nyumbani kwa siku moja. Goti linavimba, halafu zoezi linaonekana baya.

La tatu, misuli ya pembeni ya nyonga. Asimame akishika ukuta, apeleke mguu pembeni bila kupinda kiuno, mara 12 kila upande. Ikiwa rahisi, fungeni kitanzi cha mpira wa tyubu ya baiskeli juu ya vifundo vya miguu. La nne, kuinua visigino, mara 12 hadi 15.

Siku tatu kwa wiki, siku moja ya kupumzika katikati, kama nusu saa kila siku ya zoezi. Msihukumu kabla ya wiki 8.

Kuhusu maumivu: ayape alama kutoka 0 hadi 10. Mpaka 2 aendelee bila wasiwasi. Kati ya 3 na 5 yanakubalika, mradi ndani ya saa 24 yawe yamerudi kama yalivyokuwa kabla ya zoezi. Yakizidi 5, au kesho yake goti limejaa na zito kulikunja, siku ifuatayo ya zoezi punguzeni kimo cha kidato au mzunguko mmoja. Punguzeni, msiache.

Msomaji_Tafiti
Nakubaliana na mpango wa Viungo_Malindi, ila sindano na ukubwa wa faida vielezwe wazi, kwa sababu mgonjwa aliyeahidiwa makubwa ndiye wa kwanza kuacha.

Sindano kwanza. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa Marekani wa watu 140 wenye tatizo hili. Nusu walidungwa triamsinoloni, aina ya steroidi, gotini kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, nusu wakadungwa maji ya chumvi. Mwisho wake maumivu hayakutofautiana, na waliopata steroidi walipoteza gegedu zaidi. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa watu 156 ulilinganisha sindano za steroidi na tiba ya viungo. Baada ya mwaka mmoja kundi la tiba ya viungo lilikuwa na maumivu na ugumu mdogo waziwazi. Kwa hiyo sindano si haramu. Goti likiwa limevimba sana inaweza kumfungulia wiki chache za kufanya mazoezi. Kudunga kila nafuu ikiisha, bila mazoezi katikati, ndiko kusikofaa. Na kama ana sukari, ajue hupanda kwa siku kadhaa baada ya steroidi.

Sasa mazoezi yenyewe. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, wa 2024, unaonyesha yakilinganishwa na tiba ya kuigiza hupunguza maumivu kwa takriban pointi 9 katika 100, kwa muda mfupi. Hiyo ni faida, lakini ya wastani. Kuna pia utafiti wa Denmark wa watu 206: wiki 8 za mazoezi na mafunzo zilipambanishwa na sindano nne za maji ya chumvi, na wagonjwa walijua ni maji ya chumvi. Matokeo yalilingana.

Na kwa wanaodhani uzito mkubwa ndio siri: mwaka 2021 utafiti wa watu 377 kwa miezi 18 ulilinganisha mazoezi mazito, mepesi, na kundi lililokuwa likihudhuria mafunzo tu. Maumivu hayakutofautiana. Mimi nachukua hivi: kiasi anachoweza kukishika mwaka mzima ni bora kuliko kizito cha mwezi mmoja.

Lililo imara zaidi ni kuunganisha mazoezi na kupunguza uzito wa mwili, kama ni mnene. Utafiti wa mwaka 2013 wa watu 454 ulidhihirisha hilo: waliobadili chakula pamoja na mazoezi walipata nafuu kuliko waliofanya mazoezi peke yake. Kila kilo inayopungua huondoa takriban kilo nne za mzigo gotini katika kila hatua. Kwetu hapa pa kuanzia panajulikana: sukari ya chai, mahamri ya asubuhi na wali wa nazi wa usiku. Samaki aachwe alipo.

Viungo_Malindi
Ndugu Msomaji, hizo tafiti ni za kweli na sizipingi. Ila nyingi hupima maumivu kwa wastani wa kundi zima. Mama huyu ana kazi moja mahususi, kushuka vidato vya sentimita 24, na mwili huzoea kile hasa unachofanyishwa. Ndiyo sababu nasisitiza kidato kinachopanda polepole, si uzito. Hapo hatutofautiani.

Maji_Kupwa
Kuhusu mchanga, kwa ufupi. Mchanga mkavu wa juu haufai kwa sasa: kisigino kinazama, goti linajipinda kila hatua, na misuli inachoka kabla ya dakika tano. Subirini maji yakipwa, atembee kwenye mchanga mbichi ulioshikana. Ila ufuo una mteremko, na mguu ulio upande wa bahari hukaa chini ya mwenzake muda wote. Achague sehemu tambarare, na aende na kurudi njia ileile ili upande ubadilike. Aanze dakika 10, aongeze mbili au tatu kila wiki. Akiwa hawezi kufika Shela, barabara ya pwani mbele ya mji inatosha. Aende asubuhi kabla punda na mikokoteni haijajaa.

Kama goti limevimba, bahari ni bora kuliko mchanga. Maji ya kiunoni yanamwondolea karibu nusu ya uzito, ya kifuani kama asilimia 70. Atembee mbele, nyuma na pembeni dakika 15. Avae viatu vya mpira vinavyobana, kwa ajili ya makali ya mwamba na wanyama wa baharini wenye miiba. Ndara hutoka mguuni na kumwangusha. Awe na mtu karibu, na nguo isiwe ndefu ya kumzonga miguuni.

MwanaMkomani
Jazakumullahu khayran. Yamebaki mawili. Choo chetu ni cha kuchutama, na kusujudu hawezi tena bila kulia. Na bakora ameikataa, asema anayoishika inamchosha bega.

Muuguzi_Langoni
Dada, bakora inachosha bega ikiwa ndefu mno au ikishikwa upande mbaya. Goti la kulia ni gonjwa, bakora ishikwe mkono wa kushoto, iende mbele pamoja na mguu wa kulia. Urefu wake: asimame wima na viatu vyake, mikono ikining'inia, kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ikizidi hapo, ikateni. Chini tieni mpira, na mpira ukilika ubadilishwe, sakafu zetu zikilowa huteleza vibaya.

Ngazini: kupanda atangulize mguu wa kushoto, kushuka atangulize wa kulia pamoja na bakora, kidato kimoja kimoja. Msimhamishie chini moja kwa moja. Apunguze safari, vitu vya mchana viwekwe chini, lakini apande na kushuka angalau mara moja kwa siku. Kinachotakiwa kufanywa wiki hii ni kumwita fundi aweke kishikio ukutani, kamba nene iliyokazwa kwenye pete za chuma au bomba, kimo cha nyonga yake, na kianze kabla ya kidato cha kwanza.

Chooni wekeni kiti cha choo chenye tundu, au cha plastiki kilichokatwa katikati na kuimarishwa miguu, kimo kisipungue sentimita 45, na kishikio pembeni. Kuchutama hulikunja goti mpaka mwisho, na hapo ndipo mgandamizo unapokuwa mkubwa. Kwa sijda, akiweza, aweke sponji ya unene wa sentimita 8 chini ya goti na mto kati ya paja na kisigino asifikie mkunjo kamili. Akishindwa, mgonjwa ana ruhusa ya kuswali kitini. Amuulize shehe wake namna yake.

Dawa: kwa kuwa ana presha, msimzoeshe vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni vya dukani, hupandisha presha, huumiza figo na tumbo. Jeli ya diklofenaki ya kupaka ndiyo ianze, na daktari wake aambiwe.

Na haya hayasubiri zoezi wala kesho: goti kuwa jekundu na moto pamoja na homa, hasa baada ya sindano, goti kukwama lisikunjike wala kunyooka, shavu la mguu kuvimba na kuuma upande mmoja, kushindwa kukanyaga baada ya kuanguka. Hospitali siku hiyohiyo.

Viungo_Malindi
Nyongeza ya kipimo, ili msitegemee "leo afadhali" peke yake. Kiti cha sentimita 43, mikono imekunjwa kifuani, hesabuni mara anazosimama wima kabisa ndani ya sekunde 30. Kwa wanawake wa miaka 65 hadi 69, kiwango cha kawaida katika vipimo vya Marekani ni 11 hadi 16. Akianza na 6 au 7 si ajabu. Akiwa hawezi hata moja bila mikono, andikeni 0 na mrudi kwenye kiti kirefu. Pimeni leo, kisha kila baada ya wiki nne, kiti kilekile na saa ileile ya siku. Wiki ya 8 ikifika na idadi haijasogea hata mbili, mleteni apimwe upya nyonga na mgongo. Maumivu ya nyonga mara nyingi husikika gotini, na eksirei ya goti haiwezi kuwaonyesha hilo.