Mzee anasafisha damu na hataki kuonekana ameshindwa. Tumsaidieje bila kumvunja moyo?

Binti wa Kibosho
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Baba ana miaka 68, figo zote mbili zimefeli. Anasafisha damu hapa Moshi mjini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa manne kila mara. Uzito wake mkavu, yaani maji ya ziada yakishatolewa, ni kilo 62. Ni mtu wa ushindani tangu ujana: drafti, riadha, hata kupalilia kahawa lazima amalize wa kwanza. Sasa anashindana na mashine. Kizunguzungu anawaficha manesi, akirudi nyumbani anashika jembe, na Jumatatu anafika amezidi kilo 4. Tukimwambia apumzike anajibu, "Mnataka nikate tamaa." Naombeni ushauri wa vitendo.

Nesi wa Zamu
Pole sana dada. Msimzime, mpeni kitu sahihi cha kushindania. Kilo moja iliyoongezeka kati ya vikao ni kama lita moja ya maji. Kwa mwili wa kilo 62, lengo lisizidi kilo 2.5. Akija na 4, mashine inalazimika kuvuta lita nzima kila saa; maji hayatoki kwenye nyama za mwili upesi kiasi hicho, kwa hiyo presha inaanguka, misuli inakaza, macho yanaona giza. Kizunguzungu cha Jumatatu kinatengenezwa Jumamosi na Jumapili, maana hilo ndilo pengo refu kuliko yote.

Nunueni mizani. Apime kila asubuhi akishatoka chooni, kabla ya chai, na nguo zilezile. Mkojo wa masaa 24 upimwe kwenye jagi. Anachoruhusiwa kunywa ni kiasi hicho jumlisha mililita 500, isipokuwa daktari wake amesema vingine. Uji, supu, chai na mbege vyote vinahesabiwa. Na msimgombeze kwa maji huku chungu kimejaa chumvi: chumvi ndiyo inayoleta kiu.

Bandikeni karatasi ukutani. Kufika chini ya 2.5 ni pointi moja. Kumwambia nesi "naanza kuona giza" kabla hajaanguka ni pointi mbili. Mshindani anacheza kwa kufuata pointi zilipo.

Jiko la Uchagani
Hapo kwenye chakula ndipo Wachagga tunapoumia. Ndizi, maharage, parachichi, viazi na nyanya vina potasiamu nyingi, na figo zilizokufa haziitoi. Ikijaa, moyo unaweza kusimama ghafla, hata kama jana yake alikuwa anatembea vizuri.

Ndizi mbichi: menya, kata vipande vidogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga, weka maji mapya, malizia kupika. Inapungua, haiishi, kwa hiyo bado kiasi kiwe kidogo. Mtori, ile supu ya ndizi, ndio mgumu, kwa sababu yale maji mnayanywa. Kiburu ni kibaya zaidi: ndizi, maharage, na magadi yanayoongeza sodiamu na kiu. Asizoee. Wali, ugali, kabeji iliyochemshwa na kumwagwa maji, na yai au samaki vinamfaa zaidi. Protini anaihitaji kwa sababu mashine nayo inaipunguza. Jihadharini na zile chumvi za "wagonjwa wa presha": nyingi zimejaa potasiamu.

Miguu ikilegea au moyo ukipiga ovyo, hospitali saa hiyohiyo. Msisubiri siku ya kikao.

Binti wa Kibosho
Asanteni sana. Na jembe je? Fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine, iko mkono wa kushoto.

Nesi wa Zamu
Siku ya kikao, hapana kabisa. Wakati wa kusafisha huwekewa dawa ya kuzuia damu isigande, na nguvu yake haiishi palepale. Tundu la sindano likitoa damu, bonyeza kwa vidole viwili juu ya tundu lenyewe dakika 15 bila kuchungulia. Isipokoma, nendeni hospitali huku mmebonyeza. Msifunge mkono kwa kamba, fistula itaziba.

Mkono huo usibebe ndoo wala mkungu, usipimwe presha, usilaliwe. Kila asubuhi aushike asikie mtetemo. Usiposikika, ni safari ya dharura. Siku za katikati atembee dakika 20 hadi 30 kwa mwendo ambao bado anaweza kuongea, na palizi nyepesi asubuhi inaruhusiwa daktari akikubali. Drafti acheze siku zote.

Mzee wa Kahawa
Binti, kuna jambo moja mmelikwepa. Muulizeni, "Baba, kitu gani hutaki kupoteza hata iweje?" Msimuulize kama amechoka; hatakubali. Akisema kihamba, lile shamba la ukoo, au kujiendea chooni mwenyewe, mmeshajua nini cha kulinda, na nini cha kumwambia daktari siku hali ikibadilika. Ulizeni pia kuhusu kupandikizwa figo kutoka kwa ndugu. Muhimbili wanafanya tangu 2017, na Benjamin Mkapa Dodoma tangu 2018. Kwa umri wake moyo na mishipa vitachunguzwa kwanza, na mtoaji naye anapimwa kwa kina. Ulizeni mapema, vipimo vinachukua muda.

Binti wa Kibosho
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Kaka anatoka Arusha Jumamosi na mizani. Swali hilo nitamuuliza mimi, tukiwa kwenye drafti.

Mzee wa Kahawa
Marahaba. Muulize akiwa anaongoza.