Bei za nyumba vijijini pwani: nitajuaje kama zimepanda kweli?

Muulizaji
Wakuu, naomba msaada. Nafuatilia bei za nyumba kwenye kijiji cha pwani ambako mauzo hayafiki kumi kwa mwaka. Mwaka huu bei imeruka zaidi ya mara mbili na madalali wanasema soko limechangamka, ila kipato cha wenyeji kiko palepale. Nipimeje kama bei imepanda kweli, na kama mvuvi au mwenye mshahara mdogo bado anaweza kumudu?

Mthamini
Mkuu, mauzo yakiwa machache hivyo, namba ya mwaka mmoja inadanganya. Chukua mfano: mwaka wa kwanza zimeuzwa nyumba saba kwa bei za 20, 22, 24, 25, 27, 70 na 90. Ya katikati ni 25. Mwaka wa pili ni 20, 23, 25, 68, 72, 80 na 90. Ya katikati sasa ni 68! Za ndani, yaani zilizo mbali na ufukwe (hizo za 20 hadi 27), hazijapanda, za ufukweni (za 68 hadi 90) nazo hazijapanda. Kilichobadilika ni kwamba safari hii za ufukweni zimeuzwa nyingi.

Kwa hiyo tenga mafungu mawili, za ufukweni na za ndani, kisha kila fungu ulipime kwa mauzo ya miezi 36 kwa pamoja. Ushahidi mzuri kuliko wote ni nyumba ileile iliyouzwa mara mbili, mradi haikuongezwa vyumba hapo kati. Na bei ya tangazo usiichanganye na bei iliyolipwa.

Mtu wa mikopo
Kuhusu kumudu, wengi hutumia kipimo cha 30% ya kipato kwa makazi. Tuseme riba ni 10%, mkopo wa miaka 20, na mnunuzi ametanguliza 20% ya bei. Nyumba ya bei sawa na kipato cha miaka mitatu itamla kama 28% ya kipato. Ikifika miaka mitano, inamla 46%, na hapo familia inaanza kupunguza chakula. Riba ikishuka hadi 6%, hiyo ya miaka mitano bado inakula 34%.

Kwa mvuvi, wastani wa mwaka hautoshi. Rejesho linadaiwa hata mwezi ambao bahari imechafuka, kwa hiyo angalia pia miezi mibaya na akiba ya kuivusha. Kwa wapangaji, uliza kama kodi ni ya miezi 12 mfululizo. Pwani nyumba nyingi hupangishwa kwa bei nafuu msimu wa wageni ukiisha, wageni wakirudi mpangaji anaambiwa atoke.

Fundi ujenzi
Ongezeni gharama ya chumvi. Nyumba "ya bei poa" karibu na bahari mara nyingi nondo zake zimeshaanza kutu. Kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani, na plasta mpya huficha nyufa kwa muda tu. Gonga nguzo na boriti kwa nyundo ndogo: mlio wa uwazi maana yake zege limeachana na nondo. Uliza kama ulitumika mchanga wa ufukweni usiooshwa, maana huo unaingiza chumvi ndani ya zege tangu siku ya kwanza.

Kisima nacho. Kila mita moja ya maji baridi (yasiyo na chumvi) ardhini juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji baridi chini yake. Nyumba za wageni zikivuta maji kupita kiasi, chumvi hupanda, na mwenyeji anaanza kununua maji.

Muulizaji
Asanteni sana. Je, kuzuia nyumba za likizo kunasaidia?

Mthamini
Inategemea kinachozuiwa. St Ives, mji wa pwani huko Uingereza, wapiga kura mwaka 2016 walikubali nyumba mpya ziwe za makazi ya kudumu tu. Lakini katazo hilo halizigusi zilizopo, kwa hiyo anayetaka nyumba ya likizo bado anashindana na mwenyeji kwenye nyumba za zamani. Ukipima kijiji chenye sheria ya namna hiyo, tenga pia nyumba mpya na za zamani.