Silikoni, nyama ya tumbo au nibaki hivi hivi? Walopitia nambieni

Bint_Mkunazini: Asalaam alaykum ndugu zangu. Mie nna miaka 46, ziwa la kushoto limetolewa kwa kensa, dripu za kemo nshamaliza na mionzi nshapigwa kule Ocean Road, Dar. Sasa daktari ananambia nikitaka naweza kutengenezwa ziwa jengine, na kaka yangu yuko Muscat kasema gharama atasaidia. Kila mtu ana lake: mmoja silikoni, yaani ziwa la bandia linotiwa ndani, mwengine nyama ya tumbo langu ihamishiwe kifuani, mama anasema ushapona mwanangu, tulia. Mie nataka kujua miaka miwili mitatu baadae mtu anaishi vipi. Kuvaa, kusali, kulala na mume, kukuna nazi, hayo hayo.

Ukhty_Wete: Waalaykum salaam dada, pole sana. Mie nlitia silikoni, lakini sikupigwa mionzi. Walianza na kimfuko kitupu, kila nikirudi wanakijaza maji ya chumvi kidogo kidogo mpaka ngozi ikatanuka, ndo wakakitoa wakatia silikoni yenyewe. Haikunichukua muda nikawa napika mwenyewe. Kwenye nguo hujui lipi ni lipi wallahi. Ila nikilala halimwagiki ubavuni kama mwenzake, na asubuhi za kipupwe nikiweka mkono nakuta la baridi, mwili wote una joto lile tu baridi. Hilo hakuna alonambia, nikalia siku ile. Sijuti, lakini ningependa kulijua mapema.

Nesi_Amani: Dada Bint, mionzi hiyo ndo ya kuangalia kwanza kabla ya chochote. Ngozi ilopigwa mionzi hukakamaa, na silikoni ikiingia hapo kovu huweza kuibana mpaka ziwa likawa gumu na kuuma, ndo maana madaktari wengi kwa mtu kama weye huelekea kwenye nyama ya mwili wake. Tena silikoni si ya maisha. Wamarekani wanashauri ipigwe picha za altrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya kutiwa, halafu kila miaka 2 au 3, kwa sababu huweza kupasuka na mtu asihisi kitu. Jiulize utakuwa unakwenda wapi kufanyiwa hivyo na nani atalipa. Na uliza ni ya aina gani, maana mwaka 2019 kampuni ya Allergan ilirudisha zake zenye ngozi ya kukwaruza kwa ajili ya kensa nyengine adimu ya tezi za limfu, zile za kinga ya mwili.

Kuhusu kuridhika, kuna dodoso linaitwa BREAST-Q, lilitoka 2009, mwanamke mwenyewe ndo anajibu kisha anapata alama 0 mpaka 100. Utafiti wa hospitali 11 za Marekani na Canada ukawafuata wanawake miaka miwili, matokeo yakatoka 2018: walotumia nyama yao waliridhika zaidi na ziwa, na nafsi zao na unyumba vilikuwa vizuri kuliko wa silikoni. Lakini tumbo lao halikurudi kama zamani.

Mama_Chake: Hapo kwenye tumbo nakuunga mkono nesi. Mie nlifanyiwa India, walichukua ngozi na mafuta chini ya kitovu wakaunga mishipa, kutwa nzima niko chumba cha upasuaji. Nlitembea nimeinama kama bibi kizee. Nlisali kwenye kiti muda mrefu, na siku ya mwanzo nlipojaribu kusujudu nlihisi mshono unavutika kutoka nyonga mpaka nyonga, nkabaki chini nashindwa kuinuka, binti yangu ndo kanishika. Kwenye mbuzi ya nazi mpaka leo sikai sana. Lakini dada, lina joto langu. Nikinenepa linanenepa. Nikioga sishtuki tena. Hisia za kuguswa ndo hakuna, ni ganzi, mume wangu nlimwambia mwenyewe ajue.

Uliza jambo moja: wanachukua mafuta matupu au na msuli wa tumbo? Ukichukuliwa msuli, ndoo ya maji itakushinda na henia inakuwa karibu.

Shangazi_Bububu: Mie nlibaki hivi hivi, mwaka wa tisa huu. Fundi cherahani kanishonea mfuko ndani ya sidiria, natia sufi na kijifuko cha choroko kwa chini ili iwe na uzito isipande shingoni. Naenda harusini na dera langu, narudi. Sikutaka kisu tena basi. Mwanangu, hata hili ni chaguo, usione umeshindwa.

Mume_Mtu: Samahanini kuingia kwenye mazungumzo ya kinamama. Mke wangu naye katolewa. Mie nlikuwa naogopa kumgusa nisimuumize, yeye akadhani namuona kapungua. Miezi tumeishi hivyo kimya kimya. Dada zungumza na mumeo kabla hujaamua chochote.

Bint_Mkunazini: Nyote Mungu awalipe, nimesoma huku machozi yananitoka. Silikoni naiweka pembeni kwa sababu ya mionzi. Nimepasuliwa uzazi mara mbili, sijui kama tumbo langu litafaa.

Nesi_Amani: Mara nyingi kovu la uzazi halizuii. Watakupiga picha ya CT waone mishipa ya damu ya tumbo iko vipi.

Bint_Mkunazini: Basi ntamuuliza daktari hilo na la msuli. Kisu chenyewe kingoje mpaka Ramadhani ipite. Shangazi, huyo fundi wako yuko mtaa gani?