Je, sabuni ya mawese yenye kostiki soda ya nje inaweza kutangazwa mtandaoni kuwa imetengenezwa Tanzania?

Swali: Mama Sabuni, Mwandiga (Kigoma)

Habari za leo, ndugu zangu. Ninatengeneza sabuni kwa mawese na mafuta ya mise (kiini cha mbegu ya mchikichi) hapa Mwandiga, na kwa miaka miwili sasa wateja wangu wengi wananifahamu kwa simu tu. Mimi ninaweka picha, wao wanatoa oda, kisha ninafunga kifurushi na kukipeleka stendi. Kila tangazo langu huanza na maneno "Imetengenezwa Tanzania", na sikuwahi kuyatilia shaka hadi mwezi uliopita, pale mteja wa Morogoro aliyeagiza makopo sita ya sabuni laini ya kuogea alipogeuza kopo moja juu chini, akapiga picha kitako chake, ambacho kimegongwa jina la nchi nyingine kabisa, na kunitumia picha hiyo pamoja na maneno matatu tu: "Mama, ulisema Tanzania."

Nilimweleza kwamba pale imeandikwa nchi ya kopo, si ya sabuni. Alikubali kwa shingo upande, lakini swali lake limenikaa kichwani, kwa sababu hata kostiki soda ninayotumia inatoka nje ya nchi, na manukato vilevile. Cha hapa ni mawese, mise, maji, kuni na mikono yetu. Je, bado nina haki ya kuandika nilivyoandika?

Nyumbani kwetu kuna mengine mawili yanayofanana na hilo. Binti wa dada yangu anashona mikoba ya vitenge, na vitenge vyenyewe, kama mjuavyo, vinavuka ziwa. Shemeji yangu naye anauza "dagaa wa Kigoma" mtandaoni, lakini zipo siku ambazo mzigo wa hapa unapungua, naye ananunua pale Kibirizi kutoka kwenye maboti ya upande wa Kongo. Ningependa kujua nani kati yetu anaweza kuandika nini.

Jibu: Mstaafu wa Forodha, Ujiji

Hongera kwa kazi, mama. Nianze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Asili ya bidhaa kwa ajili ya forodha ni suala la ushuru, na huthibitishwa kwa cheti pale mzigo unapovuka mpaka. Maneno ya kwenye lebo au tangazo ni suala la ukweli kati yako na mnunuzi. Hata hivyo kanuni za forodha zinasaidia kufikiri, kwa sababu watu wamekwisha kuumiza vichwa juu ya swali hilihili.

Kanuni za Uasili za Jumuiya ya Afrika Mashariki za mwaka 2015 zinatambua njia mbili. Ya kwanza ni bidhaa kupatikana yote ndani ya nchi mwanachama, kama vile zao lililovunwa au mnyama aliyezaliwa na kukuzwa hapo. Ya pili ni malighafi ya nje kufanyiwa kazi ya kutosha kuibadilisha. Sabuni yako ni mfano mzuri wa hiyo ya pili. Katika vitabu vya ushuru, mawese yako kwenye kifungu cha 15.11, mafuta ya mise 15.13, kostiki soda 28.15, na sabuni 34.01. Maana yake ni kwamba kilichotoka kwenye sufuria yako si kimojawapo cha vilivyoingia. Mafuta na kostiki vimekwisha kuwa kitu cha tatu, na kazi hiyo imefanyika Mwandiga. Kiwango cha kimataifa cha lebo za vyakula, kile cha Codex cha mwaka 1985, kina wazo lililo karibu na hilo: chakula kikisindikwa katika nchi ya pili kwa namna inayobadilisha hali yake, nchi hiyo ya pili ndiyo huhesabiwa kuwa ya asili kwenye lebo. Sabuni si chakula, lakini hoja ni ileile.

Ingekuwa umenunua miche ya sabuni iliyokwisha kuiva huko nje, ukaikata, ukaipiga muhuri wako na kuifunga kwenye karatasi nzuri, ningekuambia uyafute maneno hayo leo hii. Kukata, kupanga, kufungasha na kubandika lebo hakuipi bidhaa uasili, hata kazi hiyo ikichukua siku nzima na kuchosha mgongo. Kopo nalo ni chombo tu, ingawa ninamwelewa mteja wako.

Kwa shemeji yako habari ni tofauti. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne, na samaki huhesabiwa kwa mahali alipovuliwa. Dagaa aliyevuliwa upande wa Kongo akaanikwa kwenye mchanga wa Kibirizi bado ni dagaa wa Kongo, kwa sababu kukausha ili kitu kisiharibike ni miongoni mwa kazi ndogo ambazo kanuni zinasema waziwazi kwamba hazitoshi. Najua kwamba mpishi wa Dar es Salaam hataona tofauti mezani, na kwa kweli hata mimi sidhani kama ningeiona. Lakini anayetangaza nchi anatangaza jambo la hakika, na hakika yenyewe ni hiyo.

Jibu: Muuza Mtandaoni, Kigoma Mjini

Mama, suluhisho ni rahisi. Chukua msimbomilia (ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani) unaoanza na 620, ubandike kwenye kopo, na hakuna atakayekuuliza tena.

Jibu: Mstaafu wa Forodha, Ujiji

Kaka, hapana. Tarakimu 620 zinaonyesha tu kwamba aliyesajili msimbo huo amejiunga na ofisi ya Tanzania ya GS1, shirika linalotoa misimbo hiyo. Mtu anaweza kuagiza bidhaa kutoka nje na kuipa 620, na zipo bidhaa za wazalishaji wa Kitanzania ambazo kwa miaka mingi zilibeba 616 ya Kenya. Vivyo hivyo alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania: inasema kwamba bidhaa imekidhi kiwango, haisemi ilikotengenezwa. Mama, kama hujaipata alama hiyo, pita ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho kwanza, lakini usiitumie kujibu swali ambalo haikuulizwa.

Jibu: Mrina Asali, Sikonge (Tabora)

Ninamheshimu mzee wa forodha, lakini nadhani amempa mama nafuu kupita kiasi. Mnunuzi wa mtandaoni hasomi vifungu vya ushuru. Akiona "Imetengenezwa Tanzania" pamoja na picha ya michikichi, anaelewa kwamba kila kitu ni cha hapa, na ndiyo maana yule wa Morogoro alishtuka.

Nilipokuwa natafuta soko la nje nilisoma jinsi wenzetu wanavyolishughulikia jambo hili. Marekani, mtu haruhusiwi kutangaza kwamba bidhaa imetengenezwa huko bila ufafanuzi isipokuwa iwe yote, au karibu yote, imetokana na nchi hiyo. Na kanuni iliyoanza kutumika tarehe 13 Agosti 2021 inayafikia pia matangazo ya bidhaa yaliyoko mtandaoni. Mwaka 2024 kampuni ya Williams-Sonoma ilikubali kulipa dola milioni 3.175 kwa kukiuka amri ya awali kuhusu madai ya namna hiyo. Kanuni hiyo ni ya kwao na haitufungi sisi, lakini inaruhusu jambo moja ambalo mama angefaa kuliiga: dai lenye ufafanuzi, yaani kusema kipi kimefanyika hapa na kipi kimetoka nje. Kwa upande wa asali, Umoja wa Ulaya umepitisha agizo la mwaka 2024, la kutumika kuanzia tarehe 14 Juni 2026, kwamba asali iliyochanganywa itaje kila nchi ilikotoka pamoja na asilimia zake.

Linaniuma kwa sababu limenipata. Mnunuzi mmoja alichukua kwangu ndoo nne za asali ya miombo, na baada ya wiki chache nikaona mtandaoni chupa zimeandikwa "Asali Halisi ya Tabora" kwa wingi ambao ndoo nne haziwezi kuuzaa hata nyuki wakifanya kazi usiku. Nilinunua chupa moja. Ilikuwa nyepesi kama sharubati, ikimiminika kutoka kwenye kijiko bila kuvuta uzi. Sikuwa na la kufanya, maana jina la Tabora si mali yangu, lakini tangu siku hiyo ninaandika kata ilikorinwa na mwezi wa kurina.

Jibu: Mstaafu wa Forodha, Ujiji

Mrina, kuhusu ufafanuzi nimekubali. Niongeze kwamba sheria zetu hazijanyamaza. Sheria ya Alama za Bidhaa, Sura ya 85, inahesabu maelezo ya uongo kuhusu nchi au mahali bidhaa ilipotengenezwa kuwa maelezo ya udanganyifu, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao atoe jina lake, anwani yake na maelezo ya kutosha ya bidhaa. Kwa hiyo kuuzia kwenye simu si kichaka cha kujifichia.

Mama Sabuni, Mwandiga (Kigoma)

Nimewasikia wote, nawashukuru. Nimeandika upya tangazo hivi: "Sabuni hii imepikwa Mwandiga, Kigoma, Tanzania, kwa mawese na mafuta ya mise ya hapa. Kostiki soda, manukato na kopo vimetoka nje ya nchi." La mikoba ni hili: "Umeshonwa Kigoma kwa kitenge kilichotoka nje." Binti ameguna kidogo, akisema litamfukuzia wateja, lakini ameliweka. Shemeji bado anabisha. Anadai kwamba tangu zamani kila dagaa aliyepanda treni ya Kigoma ni dagaa wa Kigoma. Tumefikia mahali pa kuweka magunia mawili mbalimbali, na la upande wa pili ataliandika "dagaa wa Ziwa Tanganyika" bila kutaja nchi.

Jibu: Mstaafu wa Forodha, Ujiji

Mama, tangazo la sabuni liko sawa. Ila sentensi ya pili isikae chini ya bei na namba ya simu, kwa sababu simu hukata maelezo marefu na mteja ataona ile ya kwanza peke yake. Na katika picha zako ongeza moja ya kitako cha kopo. Kuhusu magunia, mwambie shemeji kwamba "Ziwa Tanganyika" ni kweli tupu, lakini mteja akimuuliza ni upande gani, ajibu.