Huyu ni Sokoke kweli, au naibiwa?

MamaZuu (Nairobi):
Hamjambo wapenda paka. Kuna kijana ananiuzia paka mchanga, eti Sokoke halisi, ile aina ya paka wa pwani ya Kenya, mwenye damu ya mondo, yule paka wa porini. Bei anayotaka nanunua mbuzi wawili na chenji inabaki. Vyeti, kila nikiuliza, "vinakuja." Ni wa kahawia, ana mabaka meusi ubavuni. Nitamjuaje?

Kazungu_Gede:
Damu ya mondo? Mwambie aache mchezo. Sokoke ni paka tu kama paka wengine. Mimi ni wa Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke uko nyuma ya shamba letu. Kwetu Wagiriama huyo ni khadzonzo, kwa vile manyoya yake ni kama gome la mti.

Dada, panua yale mabaka kwa vidole. Baka la Sokoke si jeusi tupu. Ndani mna nywele za kahawia zilizochanganyika, na unywele mmoja una rangi za kupokezana. Halafu mwache atembee. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, basi huenda kama anayenyata. Mkia mrefu, ncha nyeusi. Macho rangi ya kaharabu au kijani hafifu. Ila usidanganyike na mabaka peke yake, paka wenye mabaka wamejaa Malindi nzima, wanagombania vichwa vya samaki.

PakaWaAarhus:
Ninaye mmoja huku Denmark, mwenye cheti. Mwaka 1978 Jeni Slater alikuta watoto wa paka hawa shambani kwake karibu na Watamu, akawalea. Mwaka 1984 wakafika Denmark, na 1993 FIFe, shirikisho la kimataifa la paka, likawatambua. Kwa hiyo Sokoke wa kusajiliwa ana ukoo unaofuatika kwa majina, mama, bibi, mpaka huko nyuma. "Vinakuja" si jibu.

Uchunguzi wa vinasaba uliwaweka jirani na paka wa mitaani wa Lamu, na wote wakaangukia upande wa paka wa Asia. Kwa pwani ya majahazi ya kutoka Asia, mimi sikushangaa.

Tabia: si paka wa kupakatwa. Wangu analala juu ya kabati, ananifuata chumba hadi chumba, na akitaka chakula anabishana nami kwa sauti. Manyoya yake ni mafupi, ya ndani ni haba, hivyo baridi ikiingia habanduki kwenye kipasha joto. Nairobi mwezi wa Julai mtafutie blanketi.

MamaZuu:
Nimemwomba yule kijana jina la mama wa paka kwenye usajili. Bei imeshuka nusu papo hapo! Sasa mama "alikuwa wa msituni." Shida ni kwamba kapaka kenyewe nimeshakapenda. Nimemwambia nitalipa gharama ya chanjo tu, na anafikiria.

Kazungu_Gede:
Atakubali. Ya kichaa cha mbwa iwe ndani ya hesabu.