Kalibu ya ganda zima au ya shingo tu? Nataka kununua moja

Mlengaji: Wakuu, nataka kujaza upya maganda ya risasi yaliyokwisha pigwa. Presi ninayo, mizani na kalipa ya kupimia pia. Kilichobaki ni kalibu ya kurudisha maganda kwenye umbo lake. Pesa inatosha moja tu. Nasikia ya shingo, ile inayobana mdomo wa ganda tu, hudumisha maganda. Risasi ni za .308 Winchester. Nichukue ipi?

Bega_Juu: Bunduki ya bolti (unayoivuta kwa mkono kila risasi) au nusu otomatiki (inayojipakia yenyewe)? Na maganda yamepigwa kwenye bunduki yako au umeokota? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

FundiShaba: Mimi ni wa shingo tu. Ganda likipigwa linapanuka na kukaa sawasawa na chemba ya bunduki yako, sasa ulibane lote tena kwa nini? Shaba njano ikibanwa na kutanuka kila mara huchoka, mwisho hupasuka.

Kipimo: Ukiendelea kubana shingo tu, ganda linatanuka kidogo kidogo hadi bolti inakuwa ngumu kufunga. Hapo utaitafuta kalibu ya ganda zima utake usitake. Nunua hiyo, ila usiishushe hadi chini kabisa kisa karatasi ya maelekezo imesema. Pima bega, ule mteremko chini ya shingo, la ganda lililotoka kwenye bunduki yako, kisha lirudishe nyuma sehemu moja au mbili za elfu za inchi, yaani milimita 0.025 hadi 0.05. Nusu otomatiki ipe sehemu tatu au nne za elfu. Kinachoua maganda ni kurudisha bega kupita kiasi.

MamaBaruti: Kipimo kagusa yaliyonikuta. Nilinunua maganda yaliyotumika, muuzaji akaapa yamepigwa mara moja tu. Yalikuwa yanang'aa kweli. Nikayabana, nikayajaza baruti kwa kipimo cha chini cha kitabu. Uwanjani mlio ulikuwa wa kawaida, navuta bolti, kinatoka kitako peke yake! Mwili wa ganda umebaki chembani. Risasi iliyofuata ilikataa kuingia, sikuilazimisha. Ilibidi kutafuta kifaa maalumu cha kung'olea. Nyumbani nikakunja ncha ya waya mwembamba, nikaipitisha ndani ya maganda mengine, juu kidogo ya kitako. Waya ulinasa kwenye mfereji, yaani pale shaba ilipokonda, ganda baada ya ganda. Mengine yalikuwa na mstari mng'avu kwa nje, pale pale. Yote niliyaponda kwa koleo ili asije mtu akayajaza. Tafadhali, ukinunua maganda ya mtu, pitisha waya kwanza.

FundiShaba: Pole sana dada. Ila si ndiyo hayo nisemayo? Kubana ganda zima.

Kipimo: Kubana bila kupima, mkuu. Usichanganye.

Mlengaji: Samahanini kwa kuchelewa. Bunduki ni mbili, moja ya bolti, nyingine nusu otomatiki. Maganda yamechanganyika.

Bega_Juu: Hilo ndilo la kuanza nalo! Ya shingo isahau. Nusu otomatiki inataka ganda linaloingia bila kusukumwa. Tenga maganda, kila bunduki na kisanduku chake. Ukishabana pima urefu, maana ganda hurefuka. Kwa .308 likizidi milimita 51.18, kata.

Nta: Mbona hakuna aliyetaja mafuta? Kalibu za bastola za kabaidi, ile metali ngumu, hazihitaji, lakini ganda lenye bega likiingia kavu litanasa na kitako kitang'oka. Mimi natumia lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo, iliyoyeyushwa kwenye alkoholi. Begani yasizidi, yanabonyeza shaba.

FundiShaba: Alkoholi yote hiyo ya nini? Nta ya kupaka, kidogo tu kidoleni, yatosha.

Nta: Kwa maganda kumi, sawa. Ukiwa na mia tatu je? Na alkoholi lazima ikauke kabla ya kubana.

Mlengaji: Na kulainisha shingo kwa moto, kabla ya kubana au baada?

Kipimo: Kabla. Shingo ngumu hurudi kama springi, bega nalo halitulii kwenye kipimo. Moto usifike kitako, kikilainika ganda halifai tena.

MamaBaruti: Mnalainisha kila mkupuo wa kujaza? Mimi nasubiri hadi nione vipimo vinaanza kuyumba.

Nta: Kila mkupuo. Ukisubiri, kila ganda litakuwa na ugumu wake.