Familia nne za wastaafu, eneo moja Moshi: tupime nini kabla ya kununua?

Kijiji cha Wanne:
Wakuu, heshima kwenu. Tuko familia nne za watumishi tunaokaribia miaka 60. Asili zetu ni mikoa tofauti, hakuna mwenye kihamba (shamba la urithi la ukoo) Kilimanjaro. Tunataka kununua eneo moja Moshi, kila familia ijenge nyumba yake isiyo ya ghorofa, halafu mlinzi, maji, bustani na ukumbi mdogo viwe vya wote. Wawili kati yetu wana presha, mmoja ana kisukari, mmoja magoti hayamruhusu kupanda ngazi. Je, mji huu unafaa kwa maisha ya namna hiyo? Tutafute kata gani, na umiliki uandikweje? Tunaomba majibu ya watu wanaoyajua mambo haya kwa undani.

Wodi Namba Tatu:
Ndugu yangu, Moshi inafaa, ila msiipime kama mji mmoja. Kutoka mashamba ya miwa ya TPC, kusini kwenye tambarare, hadi Kibosho, kaskazini mlimani, ni mwendo mfupi wa gari, lakini joto, mbu na mvua vinabadilika kabisa. Kusini, pande za Mabogini na Chekereni, kuna mashamba ya mpunga ya umwagiliaji. Maji yanasimama shambani kwa wiki nyingi, mbu wanazaliana, na joto la Januari na Februari humchosha mzee mwenye presha. Ukipanda kaskazini unapata hewa nzuri, lakini kuanzia Juni hadi Agosti baridi itamsumbua mwenye magoti. Kwa hali mlizozitaja ningeanzia Longuo, kwa sababu iko jirani na hospitali ya KCMC na bado haijapanda sana mlimani. Shanty Town ni tulivu pia, ila viwanja vyake ni ghali.

KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 na ni hospitali ya rufaa ya kanda. Kuna huduma za mifupa, macho, njia ya mkojo, ngozi, na usafishaji wa figo. Hospitali ya Mawenzi ni ya rufaa ya mkoa. Upasuaji mkubwa wa moyo bado ni safari ya Dar, kwenye taasisi ya moyo ya JKCI, na uwanja wa ndege wa KIA uko kilomita 40 hivi kutoka mjini, kwa hiyo mwenye tatizo la moyo lililokwisha kujulikana alipime hilo kwa uzito wake.

Jambo linalowaponza wengi ni rufaa. Mtu anajenga jirani na KCMC akidhani atakuwa anaingia moja kwa moja na kadi ya bima. Mfumo unataka uanzie chini, kituo cha afya au hospitali ndogo, ndipo uandikiwe. Ukienda bila rufaa, isipokuwa dharura, jiandae kulipa mfukoni. Kwa hiyo tafuteni kwanza kituo cha karibu kinachopokea kadi yenu, chenye kliniki ya presha na kisukari yenye siku maalumu, na muulize kama dawa zenu, kwa majina na miligramu, zinapatikana kila mwezi au huwa mnaandikiwa mkanunue nje. Kadi ya mstaafu na ya mwenza wake zitoke kabla hamjahama. Watoto na wazazi mliokuwa nao kwenye kadi wasihesabiwe kwamba wataendelea.

Kipimo cha mwisho: endesheni gari kutoka kwenye kiwanja hadi mapokezi ya dharura mara mbili, saa nane usiku na jioni ya mvua ya Aprili. Ikizidi dakika 20, tafuteni kwingine. Kwenye kiharusi kila dakika ina thamani, na msitegemee gari la wagonjwa kuja nyumbani. Wekeni makubaliano na madereva wawili wa jirani wanaolala na simu wazi.

Bikoni:
Mwenzangu amemaliza la afya, mimi niseme la ardhi, maana hapa ndipo vijiji vya wastaafu vinapovunjika.

Mkiuziwa kihamba, simameni kwanza. Kihamba ni cha ukoo, na anayewauzia anaweza kuwa mmoja tu kati ya wenye haki. Bila ndugu zake na mwenza wake kukubali kwa maandishi, mnanunua kesi. Pia jueni kama eneo liko ndani ya manispaa au ni ardhi ya kijiji huko Moshi Vijijini, kwa sababu Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zina taratibu tofauti. Kwa hali yenu ningechagua ndani ya manispaa, eneo lililopimwa tayari na lenye hati. Fanyeni upekuzi rasmi kwa msajili wa hati kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika uchumba: mmiliki ni nani, kuna mkopo juu yake, kuna zuio? Hakikisheni kodi ya pango la ardhi haina deni.

Sasa umiliki. Msiweke majina manne kwenye hati moja mkaishia hapo. Mmoja akifariki, fungu lake linaingia kwenye mirathi, na warithi wake, hata wawe watoto sita walioko mikoa sita, wanakuwa wabia wenu kwenye uwanja mliolala. Wakitaka kuuza, ninyi watatu mnabanwa. Gaweni eneo. Kwa mfano, ekari moja ni mita za mraba 4,047. Viwanja vinne vya mita 700 vinakula 2,800. Barabara ya ndani ya upana wa mita 6 kwa urefu wa 70 inakula 420. Zinabaki 827 za kisima, ukumbi na bustani. Afisa mipango miji anaweza kudai barabara pana zaidi, basi punguzeni bustani. Mchoro ukipitishwa, mpima aliyesajiliwa apande bikoni (alama za mipaka), kila familia ipate hati yake, na kile kipande cha pamoja kimilikiwe kwa mafungu yanayotajwa, na makubaliano yaliyoandikwa na wakili.

Ndani ya makubaliano hayo kiwemo kipengele cha kuuza: familia ikitaka kuondoka, wenzake wapewe miezi mitatu ya kununua kwanza kwa bei ya mthamini aliyesajiliwa.

Fundi Rau:
Ya ujenzi kwa kifupi. Tofauti ya sentimita 30 kati ya ardhi na sakafu inataka mteremko wa mita 3.6, yaani kimo mara 12. Ukiufanya mfupi, kiti cha magurudumu kitamrudisha mtu nyuma. Milango sentimita 90, hata ya chooni. Bafuni acha duara la mita 1.5 bila kitu, vigae visivyoteleza, na vishikio vifungwe kwenye tofali au zege, si kwenye ubao wa jipsamu.

Umeme: hita ya papo kwa papo ya kilowati 5.5 inavuta ampia 24, kwa hiyo waya wa milimita 4 za mraba na swichi yake ya ampia 32. Dakika 10 kwa mtu ni karibu uniti 0.92. Watu wawili kila siku, mwezi mmoja ni uniti 55. Mkiwa kwenye D1, bei nafuu ya TANESCO kwa watumiaji wadogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hita peke yake imewaachia uniti 20 tu. Hita ya jua juu ya bati inawafaa zaidi.

Maji: watu wawili, lita 200 kwa siku, tenki la lita 2,000 linawapa siku 10. Ulizeni majirani kuhusu presha ya bomba, msiulize dalali. Mtandao wa maji taka haufiki kila mtaa, kwa hiyo karo (shimo la maji taka) liwekwe mahali gari la kunyonya litafika karibu.

Kijiji cha Wanne:
Asanteni sana. Swali moja: gharama za pamoja tugawane vipi? Mmoja wetu pensheni yake ni ndogo.

Bikoni:
Mlinzi, barabara na ukumbi kwa nyumba, sawa kwa sawa. Maji kwa mita ndogo ya kila nyumba. Wekeni akiba ya miezi sita ya mshahara wa mlinzi kabla ya kuhamia, na muulize mfuko wenu wa pensheni, kwa maandishi, mjane au mgane atabaki na kiasi gani. Kiwango cha mchango kipangwe kwa kile atakachobaki nacho huyo.

Mama Korongoni:
Naongeza mawili. Msije kuupima mji Desemba. Watu wamepanda kutoka Dar, tiketi za basi zinagombaniwa, hata soko bei yake si ya kawaida. Njooni Aprili mwone mitaro, kisha Januari mwone kama maji ya bomba yanatoka. La pili, andikeni mapema nani atazikwa wapi. Wenyeji wanazika kihambani, ninyi hamna, na kusafirisha mwili hadi mkoa wa mbali ni fedha nyingi ndani ya siku mbili. Mfuko wa hilo uwe na akaunti yake, na watia saini watatu, mmoja awe mtoto wa mojawapo ya familia.